Kabla Hujaupokea Mshahara wa Kwanza

Mwanangu Sidi,

Salamu sikuandikii, maana asubuhi tumeamkiana na kesho tutaamkiana tena kabla hujapanda basi. Umekwenda Dabaso kumuaga Hawe, wadogo zako wako shule, nyumba imetulia mpaka nasikia jirani akikuna nazi. Nimechukua kalamu ya mdogo wako, na karatasi nimemwomba Mama Neema hapo mlango wa pili. Unajua mimi niliishia darasa la nne, na mkono wangu umezoea nguo za kufua kuliko kalamu. Ukikuta herufi zimelala, ziinue mwenyewe.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango, kuchagua watu wa kutembea nao, nayaacha. Hayo nimeyasema mpaka unayamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho. Nataka kujibu swali uliloniuliza leo ukifunga viatu. Ulisema, "Mama, ule mshahara wa kwanza nimpelekee Hawe wote, au nisimpelekee?" Nami nikakwambia, "Nenda kamuage kwanza, ukirudi nitakujibu." Ukaondoka ukidhani najua jibu ila nalificha. Sijui, mwanangu. Tangu utoke nimekaa hapa kwenye kitanda, nikishika jibu hili, nikiliacha, nikishika lile.

Kwetu unajua ilivyo. Mtoto akianza kazi, mshahara wa kwanza hauli. Anaupeleka kama ulivyo, anauweka mkononi mwa mkubwa wa ukoo, naye anamwombea. Mkubwa wetu ni Hawe, mama yake babako. Na Hawe ana lake moyoni. Minazi yake ya nyuma ya nyumba iliwekwa rehani mwaka aliokufa babu yako, ili watu wapate kula matangani. Aliyetoa pesa ndiye anayeangua mpaka leo. Hawe akitaka nazi ya kupikia mchicha, ananunua nazi ya mti wake mwenyewe, kwa mtu anayeipanda minazi hiyo akiwa yeye ameketi barazani anatazama. Juzi karani wa kiwanda cha korosho alipokutajia mshahara wako mbele yetu, nilimuona babako amekunja vidole vyake kimoja kimoja. Alikuwa akihesabu minazi.

Sasa upande wa pili. Wewe unakwenda Kilifi kupanga chumba na wasichana wenzio wawili. Godoro unalo, sufuria unayo moja, jiko hamna. Mwezi wa kwanza utakula kwa hizi pesa tulizokuchangia. Mshahara ukija ukaupeleka wote Dabaso, mwezi wa pili utakula nini? Utakwenda dukani kukopa. Na ukishaanza kukopa mwanzo wa safari, nimeona kwa macho yangu mahali mtu anapofika. Au nadhani nimeona. Ndipo ninapochanganyikiwa hapo, kwa sababu kila kitu nilichodhani nimekiona juu ya pesa kilikuja kunigeuka.

Tuseme Bi Zuhura. Nimemfulia na kumpikia tangu wewe huna meno. Nyumba yake kule Shela, hapa hapa Malindi, unaijua, umekua ukichezea ukumbini mwake. Mumewe alikuwa na duka la vitambaa, na mambo yao yalikuwa ya jumla: mchele gunia, unga gunia, sukari gunia, samli debe. Mimi nikitoka kwake jioni napita dukani nanunua unga kibaba, mafuta ya taa chupa ndogo, chumvi ya kukunjiwa kwenye gazeti. Siku moja aliniona nahesabu sumni zangu jikoni akasema, "Kache, wewe unamtajirisha mwenye duka. Ukijumlisha vibaba vyako vya mwezi, umelipa bei ya gunia na robo, na ulichopata ni gunia kasoro. Nunua gunia mara moja uone."

Nilifanya hesabu usiku kucha. Alisema kweli. Nikaingia upatu na akina mama wa hapa mtaani Muyeye, kila wiki tunatoa, kila wiki anapewa mmoja. Zamu yangu ilipofika sikununua leso, sikununua chochote. Nilinunua gunia la unga.

Wewe ulikuwa mdogo lakini huenda unakumbuka, maana ulirukaruka nyuma ya mkokoteni tangu barabarani. Hamali alilishusha mlangoni, tukalisukuma mimi na babako mpaka miguuni mwa kitanda. Chumba kimoja, ungeliweka wapi? Nilifurahi siku ile kama nimeolewa upya. Nilikaa nikaliegemea tu.

Kesho yake asubuhi alikuja mama wa nyumba ya nyuma. "Mama Sidi, kumbe mmepata. Hebu nigaie kibaba, nitarudisha Ijumaa." Nikampa. Mchana akaja mwingine na bakuli. Wiki ya pili alikuja binamu yake babako kutoka Ganze na watoto wake, kutusalimu. Walitusalimu siku nyingi. Nami ningesema nini? Siku zote ukiombwa unga unasema, "Wallahi leo nimenunua wa kupika tu," na ni kweli, na anayeomba anajua ni kweli, anakwenda kwa mwingine hana kinyongo. Lakini utasemaje huna, na gunia limesimama hapo linasikiliza?

Mwezi haujafika nusu, gunia likalala chini kama nguo. Kibaya zaidi, wale niliowanyima mara ya pili walianza kusema kisimani, nami nasikia. "Mpisheni Bi Zuhura ateke maji." Wakacheka. Nilicheka nao ili isionekane imenichoma.

Nilikwenda kumweleza Bi Zuhura. Akaniuliza, "Uliliweka wapi?"

"Chumbani, Bi."

"Mbele za watu?"

"Bi, chumba chenyewe ndicho mbele za watu."

Aliinua funguo zake kiunoni akazitikisa. "Basi ndiyo maana mimi nina stoo," akasema. "Usinidhanie mimi siombwi. Wanaoniomba mimi hawaombi unga. Wanaomba nauli ya kwenda Uarabuni." Akanionyesha bangili zake. Kila mumewe akipata biashara nzuri, yeye hununua bangili. Pesa taslimu, aliniambia, ina wenyewe wengi. Bangili ikishapanda mkononi, mtu anaona haya kuiomba.

Nikarudi nyumbani nikijua kitu ambacho sikujua nikifanyie nini. Njia yake ya kuweka ilikuwa nzuri, lakini ilitaka mlango na kufuli. Mimi nilichukua gunia lake nikasahau stoo yake. Sikuwa mjinga nilipokuwa nanunua vibaba, Sidi. Na sikuwa mjinga nilipoacha kununua vibaba. Sasa ujinga ulikuwa wapi? Mpaka leo nimerudia kununua unga wa kibaba kila jioni, nalipa zaidi, na sijui kama ninalipa kwa umaskini au ninalipa ili niishi na watu kwa amani.

Halafu Mama Neema. Huyu ambaye naandika kwenye karatasi zake. Mumewe ni mwalimu, anapokea mwisho wa mwezi kama utakavyopokea wewe. Mimi nilipohamia hapa nilimwonea wivu sana. Wiki ya kwanza ya mwezi harufu ya nyama inatoka kwao inaingia kwetu bila kubisha hodi. Wiki ya mwisho anakuja yeye na sahani chini ya leso.

"Mama Sidi, una unga kidogo? Mshahara umechelewa."

Babako humjibu toka ndani, "Haujachelewa, mama. Ni mwezi uliorefuka." Naye hucheka, nami unga humpa.

Fikiria basi. Mimi mke wa fundi wa makuti, ambaye sijui kesho tunakula nini, nampa unga mke wa mtu wa mshahara. Nilikuwa nikisema moyoni, hawa hawajui kutumia. Mpaka siku moja tuko naye tunachambua mchele akanieleza. Mwalimu alipoanza kazi, mshahara wa kwanza aliupeleka kwao wote, kama kawaida. Wa pili akalipia karo ya wadogo zake. Yeye mwenyewe akala kwa daftari la duka. Tangu siku hiyo, akasema, mshahara ukifika unakuta umeshaliwa. Wanalipa chakula cha mwezi uliopita na kukopa cha mwezi unaokuja. "Tumechelewa mwezi mmoja tu," akasema, "lakini huo mmoja hatujaupata miaka yote hii."

Hilo ndilo ninaloliogopea kwako. Huo mwezi mmoja.

Lakini subiri, maana na hili liligeuka. Mwaka ule Mwalimu alipougua akalazwa, wale wadogo zake aliowalipia karo walikuja. Mmoja alilala chini ya kitanda chake hospitalini, mwingine alimlipia Mama Neema kodi ya nyumba. Mwenye duka alifuta nusu ya deni bila kuombwa. Nikajiuliza, kwani mtu huyu alikuwa hana akiba? Akiba yake ilikuwa imevaa suruali ikatembea yenyewe mpaka hospitali. Mimi na vibaba vyangu nisivyodaiwa, nikiugua, nani atalala chini ya kitanda?

Na babako sasa. Babako pesa yake haina siku wala mwezi, ina paa. Akimaliza kuezeka hoteli analipwa mkupuo, kisha anakaa mpaka apate paa jingine. Walipomaliza lile la mgahawa mkubwa wa Watamu, nilimngojea kwa hamu, nimeshazigawa pesa zote kichwani. Akaja na redio ya kaseti. Ameibeba begani kama mtoto.

Nilimwambia maneno ambayo sitakuandikia. Siku tatu hatukusemezana, ila kupitia kwako: "Mwambie babako chakula tayari." "Mwambie mamako nimeshashiba." Wewe unakwenda na kurudi umbali wa hatua mbili. Siku ya nne alifungua redio, taarabu ikaingia, na mimi nafua, nikajikuta nafua kwa mdundo. Nikakasirika zaidi.

Mwaka uliofuata ndio ule wa njaa, tulipokula mahindi ya njano ya msaada. Upatu wetu ulivunjika katikati. Wenzangu hawakuwa na cha kutoa, na zamu yangu ilikuwa mbele. Nilichotoa chote kikapotea, na sina wa kumlaumu, maana hata aliyekuwa na zamu kabla yangu alikuwa amekila na watoto wake. Hoteli hazikujenga. Babako akaichukua redio, akaipangusa, akaiuza kwa kijana wa hoteli. Tulikula redio ile mpaka mvua zikaja. Nakuapia, Sidi, kijiko kwa kijiko. Akiba yangu ya busara ilikuwa imekufa, na upuuzi wake ndio uliotulisha. Na hata siku moja hakunisuta. Ningependa angenisuta.

Sasa mtu aliyeona hayo atakuambia nini? Nikisema weka, nakumbuka upatu. Nikisema nunua kwa jumla, nakumbuka kisimani. Nikisema usipeleke, namwona Mwalimu na wadogo zake; nikisema peleka, namwona Mama Neema na sahani chini ya leso. Babako nilimuuliza jana, hata kabla wewe hujaniuliza. Akasema, "Mshahara ni wake, Hawe ni wake, mimi nina makuti ya kushona." Akageuka ukutani. Lakini hakulala.

Mimi sijawahi kushika pesa ya mwezi. Pesa yangu nimeipata jioni na nimeipika jioni. Nakufundisha kuogelea nami nimesimama mchangani. Lakini mtu mzima lazima aseme neno, na hili ndilo nililofikia: mpelekee Hawe nusu. Nusu nyingine nunua jiko, lipa kodi, weka chakula ndani. Hawe atakuombea, minazi itasubiri kidogo, nawe hutaanza kazi ukiwa na

Nimeachia hapo kwa sababu ulirudi.

Naandika sasa umekwenda kuoga. Nataka niyaandike tuliyosemezana kabla hayajanipotea, hata kama ulikuwepo, maana yaliniingia, na wewe hukungoja niyajibu.

Uliingia na mbatata za Hawe kwenye kikapu, ukaketi hapa. Nikakuuliza, "Amesemaje?"

"Amesema nimekonda. Amesema viatu hivi ni vya mtu anayekimbia deni."

"Na la mshahara?"

"Nilimwambia, Hawe, nitakuletea nusu."

Moyo wangu ukaruka, Sidi. Kumbe na wewe umefika pale pale nilipofika, tena bila karatasi. Nikakuuliza akajibuje.

"Akacheka," ukasema. "Akasema, 'Nusu ni sadaka, mjukuu wangu. Nusu mpe mtu wa kuomba njiani. Mimi si maskini, mimi nina minazi, ila imelala kwa watu.' Akasema, 'Leta nzima au usilete. Usipoleta nitakuombea vile vile, kinywa changu hakinunuliwi.' Kisha akaanza kuninyonyoa nyuzi za gauni kama hakuna kilichosemwa."

"Nawe?"

"Nikamwambia nitaleta nzima."

Ulisema hivyo tu, kama mtu aliyesema atanunua sabuni. Nikakuuliza, "Na mwezi wa pili utakula nini?"

Ukaniangalia, ukasema, "Kwani wewe, mama, mwezi wa pili ulikula nini?"

"Mimi sijawahi kuwa na mwezi wa pili. Mimi nina leo."

"Basi," ukasema, "nitaishi leo, leo, leo, mpaka ufike." Ukachukua taulo ukatoka.

Sijui kama ni akili au ni utoto. Nimeyasoma niliyokuandikia tangu juu, na nilitaka kuyachana. Nimeyaacha, kwa sababu sitaki udhani mamako alikuwa na njia ikanyooka. Lakini umeshaahidi, na ahadi umeitoa mwenyewe, si mimi niliyekusukuma wala Hawe. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nimeshakubeba wewe mgongoni, na sikuwahi kuulizwa pesa yangu iende wapi. Wewe umeulizwa. Umepewa mlango wa kutokea bila kulaaniwa, ukaamua kubaki ndani. Siwezi kukutoa humo.

Basi nisikilize, na hili si ushauri, ni kazi nimejipa. Mwezi wako wa pili utakula kwangu. Nitazungumza na Bi Zuhura, jana alisema anataka mtu wa kumfulia mashuka ya wageni siku za Jumapili, nami nilikuwa nimekataa. Nitakubali. Kila wiki nitampa kondakta mfuko wa unga na dagaa, ukamngojee stendi ya Kilifi. Hautakuwa mwingi. Wenzako chumbani wakiona wataomba, na uwape, halafu ukiishiwa na wewe uwaombe. Dukani usiandikishe jina. Mwezi ule mmoja aliokosa Mwalimu, mimi nitakupa. Sijui kama ninaweza. Nikipiga hesabu haitoshi, nikipiga tena inatosha. Nimeamua kuamini ile ya pili.

Na nina ombi. Siku utakayolipwa, najua Dabaso iko njiani na ungeshukia huko moja kwa moja. Usishuke. Njoo mpaka hapa Malindi kwanza, nauli ya ziada nitakurudishia. Usinipe hata senti, wala usivunje noti kwa ajili yangu. Nataka tu uketi hapa kitandani, ufungue bahasha, unionyeshe. Sijawahi kuona pesa ya mwezi mzima ikiwa ya mtu wa kwangu. Tutaitazama mimi na wewe, na babako kama atakuwepo. Kisha nitavaa leso yangu, tutakwenda wote kwa Hawe.

Mamako,
Kache